Lita Tano, Lita Hamsini

Akoth, mama yangu,

Umekwenda na mama yako kuwaaga wajomba zako upande wa Kuria, na najua hamtarudi kabla jua halijapungua ukali. Nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa kwa kamba kana kwamba litatoroka, na kila nikipita hapo najikwaa ingawa haliko njiani. Kesho asubuhi litapanda basi pamoja nawe.

Sitakuandikia mambo ya blanketi, wala ya sabuni, wala ya watu wa kuepuka pale stendi. Hayo mama yako ameshayasema na kuyarudia, na mengine atayakumbuka kesho injini ikiwa imeshawaka. Ninakuandikia kwa sababu tangu siku ile ya mtamba wa Mzee Chacha, mimi na wewe tunasemeshana kama wapangaji. Chai iko tayari. Asante. Basi. Jana nilijaribu kuongea nikashindwa. Nilifungua mdomo nikajikuta nakuuliza kama umepaka viatu rangi.

Ningeweza kukuandikia Kijaluo, lakini mama yako akiiona barua ambayo hawezi kuisoma atadhani tunamsema. Kiingereza changu kimezoea ripoti za idara. Nyumba hii tumeijenga kwa Kiswahili, Mjaluo wa Ndhiwa na Mkuria wake, kwa hiyo acha na haya yasemwe kwa Kiswahili.

Kwanza: siku ile ulikuwa sahihi.

Mzee Chacha alipofika na yule mtamba mgonjwa nilikuwa nyuma ya nyumba nikioga. Nilipotoka ulikuwa umeshamzungushia utepe kifuani, umesoma uzito, umebonyeza kalkuleta yako na kuvuta dawa. Niliiona sindano imejaa, na yule mnyama mbavu zake nilikuwa naziona kutoka mlangoni. Nikakuuliza kwa sauti ambayo sikuipenda hata mimi, "Nani amekuambia ni kiasi hicho?"

Ukasema, "Imesema."

"Nani amesema?"

Ukaniinulia mashine.

"Na ndama wa nusu ya uzito huo, angepata kiasi gani?"

Hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Ulisema, "Ngoja, Baba," na kidole kikarudi kwenye vitufe. Nataka ujue kwamba sindano haikunikasirisha. Ni kile kidole. Nusu tu, Akoth! Nusu ya kitu kilichokuwa mkononi mwako! Ndipo nikaipiga ile kalkuleta ikaangukia kwenye tope la ng'ombe, mbele ya mgeni, na wewe mtu mzima unayekwenda chuoni.

Mzee Chacha alisema, "Daktari, wacha msichana afanye kazi." Hukumsikia vizuri kwa sababu ulikuwa umeinama kuitafuta. Mimi nilimsikia. Nikampima mtamba upya kwa utepe, nikapiga hesabu yangu taratibu ukutani kwa kipande cha mkaa, nikakuta kipimo ni kilekile chako. Nikasema, "Choma," kana kwamba natoa ruhusa. Sikusema samahani. Mtamba amepona, anakula vizuri, na bado sijasema. Sasa nasema: nisamehe, mama. Nimekununulia nyingine mjini, kwenye duka la yule Msomali karibu na soko, na mama yako ameifunga ndani ya sweta lako. Utaihitaji. Sikutaka uende bila hiyo, na sitaki uende nayo bila kusikia hadithi hii.

Kile kidole chako nilikitambua kwa sababu kiliwahi kuwa changu.

Nilipokuwa shule kule Ndhiwa, kila asubuhi kabla ya kuingia darasani tulipanga mstari kwa hesabu za kichwa. Tulikuwa miguu mitupu, na umande ulikuwa baridi. Mwalimu alikuwa mfupi, mwenye kikohozi kisichokwisha, na hakuruhusu mtu aandike hata hewani kwa kidole. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Hakutaka jibu kwanza. Aliuliza, "Litakuwa kubwa kuliko hili au dogo?" Ukikosea hapo, hata ukipata jibu baadaye, ulikaa nje. Nilimchukia sana. Nilianza kazi ya mifugo nikiwa naweza kutazama kisima, tangi au ng'ombe na kusema kilichomo, na watu wakashangaa, na mimi sikujua kwamba ni yule mtu wa kikohozi aliyekuwa anasema kwa mdomo wangu.

Josho letu la hapa mpakani unalijua. Umekulia kwenye harufu yake. Lakini sidhani kama uliwahi kufikiria kazi yenyewe ilikuwa nini. Ng'ombe wanapita, wanaondoka na maji katika manyoya yao, mvua inaongeza maji, jua linapunguza, na kila mara lazima ujue kilichobaki na kiasi cha dawa ya kupe cha kurudisha. Ikizidi, inaunguza ng'ombe. Ikipungua, kupe wanaogeshwa tu, wanatoka wasafi na wenye afya. Nilikuwa natumbukiza ufito wa kupimia, nautazama, na kabla haujakauka nimeshasema kiasi. Dawa ya zamani ilikuwa lita moja kwa kila lita elfu moja za maji. Josho likijaa linabeba elfu kumi na tano. Kwa hiyo lita kumi na tano. Hata mtoto angeweza.

Kisha nikapata kalkuleta. Ofisi ilituletea, ndogo, ile inayokula mwanga wa jua, na mimi nilifurahi kama wewe ulivyofurahi na yako. Mwanzo nilipiga hesabu kichwani halafu nikaihakikisha kwa mashine, na tulipokubaliana nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Baadaye nikaanza na mashine, halafu naangalia kwa kichwa. Baadaye sikuangalia. Hakuna siku niliyoamua kuacha, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi. Ingekuwa kuna siku moja, ningekuambia uiogope siku hiyo. Lakini ilikuwa kama meno ya mzee, yanalegea huku bado anatafuna.

Na nilisifiwa. Watu wa Chacha walikuwa wakiniita Daktari Mashine. Nilikuwa nasimama juu ya ukingo wa josho, nabonyeza, nataja, wanamwaga. Hakuna kusubiri. Nilipenda namna walivyonyamaza wakati nikibonyeza.

Unakumbuka wakati serikali ilipoanza kuwaachia wananchi majosho wayaendeshe wenyewe? Kamati ikaundwa, Mzee Chacha akawa mwenyekiti, na dawa ya zamani ikaadimika. Tukapata ya aina nyingine. Ile mpya ilikuwa nyepesi, ilihitaji lita moja kwa kila lita mia tatu. Soma tena hapo, mama. Moja kwa elfu, sasa moja kwa mia tatu. Dawa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo itahitajika nyingi zaidi. Yule mwalimu wangu asingengoja hata nimalize kusoma kibandiko.

Tuliosha josho, tukajaza maji mapya. Nikabonyeza elfu kumi na tano, nikagawanya, kidole kikaweka sifuri moja zaidi, elfu tatu badala ya mia tatu. Mashine ikasema tano. Nikasema, "Lita tano." Kamati ikafurahi, dawa mpya haina hasara! Mtu mmoja akapiga makofi. Tulimwaga lita tano katika josho lililokuwa likila kumi na tano za dawa kali kuliko hiyo, na mimi nimesimama pale, mwenye cheti ukutani, nikaona ni sawa. Sikuona ni sawa baada ya kufikiria. Sikufikiria. Mashine ilikuwa imeshamaliza kufikiria.

Tangu hapo sikupiga hesabu upya. Josho likipungua theluthi, naongeza theluthi ya zile tano. Kila kosa lililofuata lilikuwa hesabu sahihi iliyokaa juu ya hesabu mbovu.

Ndama walianza kuugua mvua zilipokatika. Matezi chini ya sikio, homa, povu puani. Ndigana, homa inayoletwa na kupe. Nilikwenda boma kwa boma nikiwauliza watu kama kweli wanaleta wanyama wote joshoni, na wakaapa, na mimi moyoni nikawaona waongo. Hilo nalo linaniuma. Nilimwambia mama mmoja mjane kwamba amekuwa akiwaficha ndama wake nyumbani kwa uvivu, akalia mbele yangu. Boma la Mzee Chacha ndilo lililopigwa zaidi. Alikuwa na ndama majike aliowatenga kwa ajili ya mahari ya mwanawe, na walikufa wakifuatana.

Mwisho nikachukua maji ya josho kwenye chupa nikayapeleka maabara. Majibu yakaja kwamba dawa iliyomo ni kidogo mno, karibu ni maji matupu. Sikuamini. Nilikaa hapa nyumbani, kwenye kiti hiki ninachokalia sasa, nikachukua kibandiko cha mkebe na kalkuleta. Nikabonyeza. Ikasema hamsini. Nikashtuka, nikabonyeza tena kwa haraka, ikasema tano. Nikabonyeza mara ya tatu, hamsini. Nikadhani imeharibika. Nikaitoa nje kwenye jua nikidhani ina njaa ya mwanga.

Akoth, nataka unione pale uani. Nilikuwa na majibu mawili mkononi na sikuwa na chochote ndani yangu cha kuniambia lipi ni la kweli. Siwezi kukueleza baridi niliyoihisi. Nilikuwa kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake akalikosa.

Wewe ulikuwa unafagia ua. Ulikuwa darasa la saba. Nilikuita nikakuuliza kama nakupima, ili usijue kwamba mimi ndiye sijui. "Elfu kumi na tano, gawanya kwa mia tatu." Uligeuza ufagio, ukaandika kwa mpini kwenye vumbi. Ukafuta sifuri mbili huku na mbili huku.

"Hamsini," ukasema. "Baba, hii haihitaji hata kuandika."

"Una hakika si tano?"

Ukacheka. "Tano? Itakuwaje tano? Tano ni kidogo sana!" Ukaendelea kufagia, ukaifuta na ile hesabu.

Labda hukumbuki. Kwako ilikuwa asubuhi ya kufagia. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani mpaka mama yako akaja kuuliza nani amekufa.

Nilipowaambia kamati, nilisimama na nikasema yote, hata ile sifuri. Nilitarajia kelele. Walinyamaza kwa namna tofauti na ile niliyoipenda. Mzee Chacha hakuinuka. Alisema akiwa amekaa, akitazama mikono yake, "Daktari, mimi sikuletea mashine ng'ombe zangu. Nililetea wewe." Halafu akaomba mkutano uendelee. Wakamwaga dawa iliyotakiwa, ndigana ikapungua, na yeye akaanza kuwapeleka wanyama wake kwenye josho la mbali, kule kwa kupanda kilima, akipita hapa mlangoni kwetu na kunisalimu vizuri kila asubuhi. Kile kilima kilimchosha, nilikiona kikimchosha. Alirudi baada ya muda mrefu, bila kusema kitu, na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo sasa unaelewa kwa nini alipomleta yule mtamba nyumbani kwetu, na akakuachia wewe umchome, mimi nilipagawa. Alikuwa ananipa tena kitu, na alikuwa anakipitisha kwako.

Tangu wakati ule nimejaribu kurudisha. Nikienda kazini kwa baiskeli napiga hesabu kichwani, nagawanya chochote, idadi ya nguzo, umbali wa kwenda Macalder na kurudi. Baadhi imerudi. Si yote. Zamani jibu lilikuwa linanijia kama harufu, kabla ya kulitafuta. Sasa natembea hatua kwa hatua, nafika nimechoka, na mara nyingine nimepotea njiani. Sikuambii haya ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu watu husema kitu kikikaa bila kutumika kinakungoja. Changu hakikuningoja.

Na wewe? Mtihani wa kidato cha nne uliufanya kwa kitabu cha majedwali na kalamu, na hesabu ndiyo uliyoshinda kuliko masomo yote. Halafu ukakaa karibu miaka miwili kwenye lile duka la dawa za mifugo mjini Migori ukingoja nafasi ya chuo, wateja wamejipanga, tajiri wako anataka haraka, na mashine iko mezani. Sikulaumu. Ulifanya walichotaka. Lakini mimi ilinichukua miaka mingi kufika mahali ambapo wewe umefika kwa miwili, na hilo ndilo linaloniamsha. Nikiwa kitandani nakuona umemaliza chuo, umepelekwa mahali pakavu mbali na hapa, umesimama boma la mtu usiyemjua, ng'ombe wake mmoja tu amebaki. Unabonyeza. Inasema kitu. Yule mtu anakutazama usoni, hatazami mashine. Na ndani yako kimya.

Mama yako anasema naogopa kupita kiasi. Anasema huko chuoni kuna walimu, hata wao wanatumia kalkuleta, na ng'ombe wa nchi hii hawajaisha. Anaweza kuwa na haki. Mimi mwenyewe ripoti za mwisho wa mwezi siwezi tena kuziandika bila mashine, na sijawahi kuona ikikosea kwa uchovu, wakati mimi nikichoka nakosea. Sikuombi uitupe. Nimeshaitupa moja kwa niaba yako na haikusaidia.

Ninachokuomba ni kidogo, na nimekitafutia maneno tangu mlipoondoka. Kabla hujabonyeza, jiambie utakachokiona. Hata kama ni kwa kukisia tu, hata kama ni kubwa kuliko hili, dogo kuliko lile. Sema kwa mdomo ukiwa peke yako. Wakati mwingine utakuwa umekosea sana, na hiyo itakuuma, na uchungu huo ndio nautaka ubaki nao. Siku ambayo mashine itasema kitu na usishangae, wala usikubali, upokee tu, siku hiyo weka sindano chini. Mwambie mwenye ng'ombe akuletee maji ya kunywa. Kaa. Anza upya kwa kalamu.

Wataona unachelewa. Wenzako huko watakuwa wepesi, watoto wa mjini waliozoea vitufe tangu utotoni, na mwalimu ataomba jibu na wao watalitaja wewe ukiwa bado unatafakari. Najua jinsi unavyochukia kuwa wa mwisho. Ulikuwa unakimbia hata kwenda kuchota maji. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kuliko kwenye ng'ombe. Mimi nilipotezwa na wale waliokuwa wakininyamazia kwa heshima nikibonyeza, kwa sababu niliona aibu kufikiria mbele yao.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, anamsalimu mtu, kwa hiyo mmeshafika. Nitalegeza kamba ya sanduku niiweke barua hii chini ya sweta sasa hivi, halafu nitatoka nje nikuombe msamaha kwa mdomo, na kama nitashindwa tena, angalau utakuwa nao kwa maandishi.

Ukiniandikia, usinieleze alama ulizopata. Niandikie kwamba wenzako wanakucheka kwa kuchelewa. Nikiisoma hiyo, nyathina, mwanangu, nitalala.

Ni mimi, baba yako, ninayekutazama ukifungua lango.